Ndoo Imejaa: Farasi, Baridi na Mashindano

Shikamooni wakubwa, na nyie vijana mambo vipi. Nimepewa dakika arobaini na mwenyekiti ameshanikonyeza nisizidishe maana chai inapoa, kwa hiyo twende moja kwa moja. Nimeombwa niongee kuhusu farasi na baridi, hasa kwa sisi tunaopanda na kushindana msimu ambao watu wenye akili zao wamejifunika majumbani. Nianze na swali. Asubuhi ya baridi kali, wewe mwenyewe umevaa makoti mawili, ukifika bandani kitu cha kwanza unachoangalia ni nini?

Eeh, asanteni. Nimesikia blanketi, blanketi, blanketi, na mzee mmoja kule kona amesema maji. Mzee nitakununulia chai.

Mimi nilikuwa mtu wa blanketi miaka mingi tu, na leo nataka niwaambie kwa nini blanketi limeshuka kwenye orodha yangu mpaka huko chini, na niwaambie pia aliyelishusha. Alikuwa farasi jike wa kahawia, kilo mia tano na ushee, mpole, mla nyasi hodari. Tulikuwa kwenye mashindano ya siku mbili, baridi ile ya kukatika masikio, usiku nikazunguka na tochi kama saisi, mtunza farasi, mzuri anavyofanya. Nikamkuta amevaa blanketi lake nene, nyasi zipo, nikamulika ndoo, ndoo imejaa. Nikasema moyoni vizuri, ana maji, nikaenda kulala. Sasa nyie fikirieni kidogo. Ndoo niliijaza saa kumi jioni. Saa nne usiku bado imejaa. Imejaa kwa sababu hajanywa! Juu kulikuwa na utando mwembamba wa barafu, mwembamba hata sikuuona, alikuwa ameugusa kwa mdomo akaacha. Alfajiri namkuta anajiangalia ubavuni, analala anainuka, mavi yake yale machache yamekuwa madogo madogo, makavu, yana utelezi juu kama yamepakwa ute. Koliki, yale maumivu makali ya tumbo la farasi. Daktari akaja akampitishia mpira puani hadi tumboni akamwekea maji, tukamtembeza, tukasubiri, jioni ndo akapata choo na mimi nikapata pumzi. Alipona. Mashindano tuliyasikia kwenye spika tukiwa bandani.

Sasa tangu siku hiyo nikaanza kusoma na kuwauliza madaktari, na nikagundua kwamba karibu kila kosa tunalomfanyia farasi wakati wa baridi linatoka sehemu moja: tunapima baridi kwa ngozi yetu sisi.

Ngozi yako na yake ni vitu viwili tofauti kabisa. Farasi mzima ambaye manyoya ya baridi yameota vizuri, yuko mkavu, hapigwi na upepo na tumbo lina nyasi, haanzi hata kutumia nguvu ya ziada kujipasha moto mpaka hali ifike kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, wengine hata 15. Ila yuleyule ukimnyoa, au akiwa bado na manyoya mafupi ya kiangazi, anaanza kuhangaika kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri. Kilichobadilika hapo ni manyoya tu. Kila unywele una kamsuli kadogo kwenye shina, baridi ikija kanausimamisha, hewa inanasa katikati, na hiyo hewa ndo blanketi lake. Ndo maana ukiona theluji imekaa mgongoni kwa farasi haiyeyuki usimwonee huruma, maana yake joto lake halitoki nje. Ukiona inayeyuka na kutiririka, hapo ndo ushtuke.

Kule Yakutia, Siberia, kuna farasi wanalala nje kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri wakichimbua theluji kwa kwato watafute nyasi. Sisemi mkamlaze wako nje, wale wamezaliwa wamekuta mababu zao wanafanya hivyo karne na karne, wana mafuta na manyoya ambayo farasi wako wa kuruka viunzi hana. Nasema tu mjue mnyama mnayeshughulika naye ana uwezo gani kabla hamjaanza kumfunika kama mtoto mchanga.

Vitu viwili vinamvunja nguvu. Maji yakiloweka manyoya yanalala, hewa yote inatoka, na upepo ukija juu yake umemaliza kazi. Farasi mkavu kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri yuko salama kuliko farasi aliyelowa kwenye nyuzi 4 juu na upepo unavuma. Na kwa mashindano, nani analowesha farasi? Mvua kidogo. Anayemlowesha ni wewe uliyekaa mgongoni, kwa jasho lake mwenyewe.

(Na kwa wale wenye punda nyumbani, hapa nawaomba msinisikilize. Punda manyoya yake ya baridi hayawi mazito kama ya farasi, huyo mtafutie paa na ukuta mapema.)

Turudi kwenye jasho. Manyoya yale mazito yanayomlinda akiwa amesimama ndo yanamwadhibu akifanya kazi. Unampandisha nusu saa, anatoka jasho hadi ngozini, halafu unashuka, na yale manyoya yanaweza kuchukua masaa kukauka huku maji yanavuta joto la mwili. Hapo ndo tunapomnyoa, na hapo ndo watu wengi wanapokosea, maana wananyoa kwa macho. Nimeona farasi anatembezwa mara mbili kwa wiki kanyolewa mwili mzima anang'aa kama kioo, halafu anavalishwa mablanketi matatu kufidia. Kwa nini? Nyoa pale anapotoka jasho. Kama kazi ni ya wastani toa shingo kwa chini, kifua, tumbo, na ubavu kidogo, mgongo na matako acha. Kama anashindana kila wiki na kazi ni ngumu kweli, haya toa mwili mzima lakini acha sehemu ya tandiko na miguu, miguu ina kazi yake kwenye matope. Halafu ujue ukishanyoa umeingia mkataba, wewe ndo manyoya yake mpaka baridi iishe, huwezi kusema leo nimechoka sitabadilisha blanketi.

Na jambo moja watu hushangaa: manyoya ya baridi hayaletwi na baridi. Yanaletwa na siku kufupika. Macho yanaona mwanga umepungua, mwili unaanza kujiandaa hata kama bado kuna joto. Ndo maana wenye farasi wa maonyesho wanawasha taa bandani mpaka jumla ya mwanga ifike masaa 16 kwa siku, ili manyoya yasiwe mazito. Kwa hiyo yule anayeniambia nimemvika blanketi mapema asiote manyoya, ndugu yangu, unamvika tu joto.

Haya, blanketi lenyewe, maana najua mmelisubiri. Unene wake unapimwa kwa gramu za ujazo wa ndani, kuna lisilo na kitu ndani la kuzuia mvua tu, kuna gramu 100, 200, 300, mpaka 400. Kwa farasi mwenye manyoya yake, blanketi jepesi ndo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linayalaza manyoya, hewa inatoka, na lenyewe halina joto la kutosha kufidia, kwa hiyo umemwacha na baridi zaidi ya alipokuwa uchi. Ama umwache, ama umvike la kueleweka. Na usipime kwa kuangalia kipimajoto cha ukutani, ingiza mkono chini ya blanketi nyuma ya bega, vua glavu kwanza jamani. Pakiwa pakavu na vuguvugu, ondoka mwache. Pakiwa na unyevu, anapika humo ndani, toa. Masikio ya baridi peke yake hayakuambii kitu, hata wewe una masikio ya baridi sasa hivi. Farasi anayesikia baridi kweli utamwona: kabana mkia, kageuzia matako upepo, misuli imekaza, anatetemeka.

Na blanketi livuliwe kila siku. Kila siku. Pale mabegani linakwangua mpaka nyama inaonekana, na kibaya zaidi linaficha farasi anayekonda. Mwaka 1983 kule Marekani, chuo kikuu cha Texas A&M, Henneke na wenzake walitoa kipimo cha mwili wa farasi cha alama 1 mpaka 9, moja ni mifupa mitupu na tisa ni pipa, na unakipima kwa mkono, unapapasa mbavu, shingo, mzizi wa mkia. Wiki mbili mara moja papasa mbavu, usitazame tu, manyoya ya baridi yanadanganya, farasi anaonekana mnene kama dubu ukigusa unakuta ngazi. Wazee hasa, wale meno yameisha, hawa wakikonda mwanzo wa baridi huwarudishi mpaka majani yaote.

Sasa chakula, na hapa kuna imani moja naomba niizike leo. Imani inasema baridi ikija ongeza nafaka, shayiri inapasha moto. Joto la farasi linatoka kwenye nyasi! Utumbo wake mkubwa kule nyuma ni pipa la kuchachusha, wale vijidudu wanavunja nyuzinyuzi za nyasi usiku kucha na kazi hiyo inatoa joto, yaani anatembea na jiko lake mwenyewe tumboni na kuni zake ni nyasi. Nafaka inameng'enywa mapema kwenye utumbo mwembamba, inampa nguvu ya kukimbia sawa, lakini jiko halichochei kwa kiwango kile. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 mpaka 10 za nyasi kavu kwa siku, na baridi ikishapita ule mpaka wake, kila nyuzi moja inayoshuka ongeza kama asilimia 2. Piga hesabu: mpaka wake ni 10 chini ya sifuri, usiku wa leo ni 20 chini, hiyo ni asilimia 20, kilo 2 zaidi za nyasi. Zimpe usiku unapoondoka, sio asubuhi, jiko linatakiwa liwake saa tisa za usiku.

Na ule uji wa pumba za moto tunaowapikia baada ya mashindano, najua tunaupenda, harufu yake tamu, farasi anafurahi, sisi tunajiona tumefanya la maana. Joto lake linaisha tumboni muda mfupi sana, na kama hajauzoea umembadilishia chakula ghafla siku aliyochoka, unaomba koliki. Ukitaka kumpa kitu cha vuguvugu mlowekee chakula chake kilekile cha kila siku na maji ya moto. Hapo angalau umemnywesha.

Ndiyo, tumerudi kwenye maji, nilijua tutarudi. Farasi wa kilo 500 akiwa hana kazi anakunywa lita 20 mpaka 40 kwa siku. Kiangazi akiwa malishoni anakula majani mabichi ambayo zaidi ya robo tatu ni maji, kwa hiyo nusu ya kiu anaila. Baridi ikija unampa nyasi kavu ambayo maji yake ni asilimia 10 hivi, 15 zikiwa nyingi, unamwongezea hizo nyasi kama nilivyowaambia hapa sasa hivi, halafu maji ya ndooni yamekuwa barafu. Anaingiza vikavu vingi na maji machache. Utumbo unaziba. Yaani koliki ya baridi haina muujiza wowote, ni hesabu tu ya kuingia na kutoka.

Mwaka 1994 watafiti wa University of Pennsylvania waliwajaribu farasi wadogo, poni, kipindi cha baridi, wakakuta waliopewa maji ya vuguvugu walikunywa karibu asilimia 40 zaidi ya waliopewa maji yanayokaribia kuganda. Kinachochekesha ni kwamba ukiwawekea ndoo mbili pamoja, ya baridi na ya vuguvugu, wanaikimbilia ya baridi. Kwa hiyo usiwape uchaguzi! Weka ndoo ya vuguvugu peke yake. Na haihitaji kuwa ya kuoga, ikiwa na nyuzi kati ya 7 na 18 inatosha, ukitia mkono isikuumize mifupa. Kama huna hita ya ndoo, chukua ndoo ya mpira mweusi, iingize ndani ya tairi kuukuu lililojazwa majani makavu, inachelewa kuganda. Chumvi nayo, gramu 30 kwa siku kwenye chakula, farasi anayetoka jasho 60, maana lile jiwe la chumvi likiwa na baridi hawalilambi vya kutosha. Na mimi siku hizi ndoo naitia alama ya chaki kwa ndani, usiku nikipita naangalia alama na wala siangalii kama imejaa. Sitaki tena kuona ndoo imejaa.

Tupande sasa.

Lijamu kwanza. Chuma kilicholala usiku kwenye baridi ya chini ya sifuri ukikitia mdomoni kwa farasi kinanata kwenye ulimi na fizi kinang'oa ngozi. Halafu unashangaa kwa nini farasi wako akiona hatamu anarusha kichwa juu. Mimi natembea nalo ndani ya koti kwapani wakati nampiga brashi, au nalichovya kwenye maji ya moto na kulifuta likauke. Kipimo ni kulishika kwa kiganja kitupu na kuhesabu mpaka kumi. Ukiliachia kabla ya kumi bado.

Tandiko likaze kidogo kidogo, tundu moja, tembea, tundu lingine, mgongo wa baridi unanuna na akinuna wewe ndo unayeangukia kwenye barafu. Kisha dakika 15 mpaka 20 za kutembea tu, huku kiuno na matako yake yamefunikwa na kile kiblanketi kifupi kinachokaa nyuma ya tandiko. Wengi wanafanya dakika tano halafu wanaanza matiti, na nyie mnaocheka huko nyuma fungueni kamusi, matiti ni mwendo wa farasi tangu enzi za mabibi. Matiti yenyewe yaanze ya polepole, kwenye duara kubwa, usimkunje kunje kabla damu haijafika kwenye misuli. Shoti, yaani mbio zenyewe, ndo iwe ya mwisho kabisa. Kama zamu yako ya kushindana imechelewa na mnasubiri, usisimame, na usivue kiblanketi mpaka uitwe, kuna watu wanavua mapema wapige picha.

Kuhusu mapafu niseme hili. Akiwa amesimama, hewa inapashwa moto puani na kooni kabla haijafika chini. Akikimbia kwa nguvu zote anavuta hewa nyingi mno, haipati muda wa kupata joto wala unyevu, inafika mapafuni ikiwa kavu na baridi. Oklahoma State University waliwakimbiza farasi kwenye mashine wakivuta hewa ya chini ya sifuri, wakakuta dalili za uvimbe kwenye njia za hewa baada yake. Kwa hiyo mimi nina sheria yangu binafsi, sio ya shirikisho lolote: ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri hakuna shoti, hakuna kuruka, tunatembea na matiti kidogo basi. Mtaniita mwoga. Nimeitwa sana.

Na mapafu yanaharibiwa zaidi bandani kuliko uwanjani. Tunaziba kila tundu ili wasipate baridi, mkojo unatoa amonia, vumbi la nyasi linazunguka, na wao wamo humo masaa ishirini. Ukitaka kujua hali ikoje usisimame mlangoni ukavuta pumzi, piga magoti kwenye matandiko yao weka pua pale anapoweka pua akilala. Macho yakikuwasha, fungua madirisha ya juu sasa hivi. Hewa ya baridi isiyompiga moja kwa moja haimdhuru, amonia inamdhuru.

Halafu kuna huyu farasi aliyepumzishwa siku nne kwa sababu ardhi imeganda, siku zote hizo anakula nafaka yake kamili kama vile anafanya kazi, siku ya tano jua limetoka na wewe una hamu, unampeleka mbio. Dakika kumi anapunguza hatua, anatoka jasho lisilo na sababu, misuli ya matako imekuwa migumu kama ubao, akikojoa mkojo ni rangi ya kahawa. Wazee waliokuwa wakitumia farasi wa mizigo waliuita ugonjwa wa Jumatatu, kwa sababu Jumapili walipumzika. Simama hapohapo, usimburute kurudi nyumbani, mfunike, ita daktari. Na wiki ijayo siku ya kupumzika punguza nafaka, nyasi acha zilezile.

Miguu naenda haraka. Theluji inajikusanya ndani ya kwato yenye kiatu cha chuma inakuwa mpira wa barafu, farasi anatembea kama dada aliyevaa viatu virefu mara ya kwanza, kifundo kinateguka. Kwa asiyevaa chuma tatizo linapungua sana. Kwa aliyevaa, kuna pedi maalum za mpira zinazosukuma theluji nje kila anapokanyaga, na kwa safari fupi pakaa mafuta ya mgando kwenye nyayo, yanasaidia nusu saa hivi. Barafu inataka njumu, sawa na zile za viatu vya kuchezea mpira wa miguu ila za chuma kigumu. Kule St. Moritz, Uswisi, tangu 1907 wanafanya mbio za farasi juu ya ziwa lililoganda, na farasi wanafungwa viatu vya njumu, na kuna mbio nyingine farasi hana mpandaji kabisa, anamvuta mtu kwenye ski, mchezo ambao ulionyeshwa hata kwenye Olimpiki ya 1928 palepale. Lakini njumu ndefu kwenye ardhi ngumu zinazuia mguu kuteleza kidogo ule unaotakiwa na goti linalipa, kwa hiyo ukitoka uwanjani zifungue. Na ardhi iliyoganda ikawa na mashimo mashimo, hiyo usiikimbilie hata na njumu za dhahabu, ni sawa na zege.

Trela. Baridi, tunafunga madirisha yote, tunamvika blanketi nene, safari ya masaa matatu. Farasi wawili kwenye trela ni majiko mawili. Mnafika, unafungua mlango, mvuke unatoka kama umefungua sufuria, farasi amelowa jasho anashuka kwenye upepo. Mvike jepesi kuliko bandani, acha matundu ya hewa wazi, na kila masaa manne hivi simama umlegeze kamba ashushe kichwa chini apige chafya, farasi aliyefungwa kichwa juu muda mrefu hawezi kusafisha mapafu yake na wengine wanafika na homa.

Sasa umemaliza kushindana, umeshuka, umeshinda au umeshindwa, farasi anafuka moshi. Hapa ndo naomba dakika zangu za mwisho mwenyekiti. Usimtupie blanketi nene juu ya jasho, unafungia maji ndani. Usimmwagie maji mwili mzima pia. Legeza tandiko lakini usilitoe ghafla kwenye upepo, tembea naye, mfunike lile la sufu au la manyoya laini linalopitisha unyevu. Baada ya robo saa litazame kwa karibu: utaona juu yake matone madogo madogo kama umande umekaa kwenye ncha za nyuzi, na ukiingiza mkono chini ngozi inakauka. Jasho limepanda limetoka nje. Hapo lile la kwanza livue, vika lingine kavu, sugua kwa taulo masikio na kifua, nyuma ya viwiko, pale kwenye mkanda wa tandiko. Kama huna lile la sufu, mbinu ya masaisi wa zamani bado inafanya kazi, mtandazie majani makavu mgongoni kwa wingi, juu yake shuka lenye kupitisha hewa, hewa inapita katikati ya majani anakauka vizuri tu, anafanana na nyumba ya makuti lakini anakauka.

Na maji mpe hapohapo, ya vuguvugu, anywe anavyotaka. Ile ya kwamba farasi aliyechoka asinywe mpaka apoe imewaua kiu wengi bure. Kiu yake iko juu kabisa dakika zile za kwanza, ukimchelewesha inapita, na usiku utamulika ndoo utaikuta vilevile.

Mapigo ya moyo yakirudi kati ya 28 na 44 kwa dakika, kifua kikavu, amekula, amekojoa, ndo unaweza kwenda kula wewe. Halafu saa nne usiku rudi. Mimi narudi tena saa kumi alfajiri, mke wangu ameshazoea. Vua glavu, mkono chini ya blanketi, mulika mavi uhesabu, mulika alama ya chaki.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja kunyoa, karibu.